Namna ya Kuumeza Mji wa Shaba: Mwongozo kwa Mtawala Mtarajiwa

Mheshimiwa mtarajiwa, ukitaka nchi nzima iitikie sauti moja, usianzie ikulu. Ikulu huchukuliwa kwa usiku mmoja, kama alivyofanya Joseph-Désiré Mobutu hapa Kongo tarehe 24 Novemba 1965. Kazi huanza kesho yake. Njoo Musonoi, pembeni mwa Kolwezi, uitazame kambi ya wachimba shaba. Hapa utakuta nusu ya kazi yako imeshafanywa na wengine.

Wengine hao ni Wabelgiji wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 iliamua mfanyakazi aje na mke wake, apewe nyumba, apate posho yake na ya mke na ya watoto, atibiwe katika hospitali ya kampuni, na watoto wasomeshwe na mapadre ambao kampuni iliwasaidia. Huo ulikuwa mpango mzuri kwa tumbo. Ila mtu akigombana na mkubwa wake kazini, kilichokatika hakikuwa mshahara peke yake. Paa lilikwenda, unga wa bukari ulikwenda, na daktari wa mtoto alikwenda. Mji wa namna hiyo hauhitaji kuhubiriwa itikadi. Chukua ghala la posho, mengine yatakufuata.

Mobutu alilichukua. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilijitwalia mali ya Union Minière. Kampuni ikaitwa Gécomin, na baadaye Gécamines. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu shaba yao ilikuwa imeinenepesha Brussels kwa miaka sitini. Sasa tazama tarehe inayofuata. Chama chake, Mouvement Populaire de la Révolution, kilizaliwa 20 Mei 1967. Ghala lilitangulia, chama kikaja nyuma yake baada ya miezi isiyofika mitano. Wanaosoma siasa vitabuni hudhani mambo huenda kinyume: kwanza fikra, halafu mkate.

Kabla ya ghala, hata hivyo, ilitangulia kamba. Chagua watu wenye majina makubwa wasio na jeshi. Évariste Kimba alikuwa mtu wa Katanga, na mwezi Oktoba 1965 aliteuliwa kuwa waziri mkuu. Mwishoni mwa Mei 1966 alikamatwa pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, wakashitakiwa kwa njama, na kesi ikaisha upesi. Tarehe 2 Juni wote wanne walinyongwa hadharani katika mji mkuu mbele ya umati mkubwa. Hutahitaji kufanya hivyo mara kwa mara. Aliyeona mara moja atawasimulia watoto wake jioni, na watoto watajifunza kunyamaza bila kupigwa.

Katika kuunda chama, usiwe na haraka ya kupiga marufuku. Katiba ya Juni 1967 iliruhusu vyama viwili, na cha pili hakikupata kamwe nafasi ya kusajiliwa. Mwaka 1970 ukafanyika uchaguzi wa rais wenye mgombea mmoja. Kadi ya kijani ilikuwa ya kumkubali, nyekundu ya kumkataa, na katika kura zaidi ya milioni 10 zilihesabiwa nyekundu 157. Nawafikiria hao 157 kuliko ninavyowafikiria mawaziri wote wa enzi ile. Desemba ya mwaka huo MPR ikawa chama pekee, na kila raia akahesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mtoto wa Musonoi alikuwa mwanachama kabla hajapewa jina, na kuanzia mwaka 1972 hata juu ya jina chama kilikuwa na neno: Joseph, Marie na Pierre wa ubatizo walikatazwa.

Hapa mheshimiwa atauliza kama anapaswa kuwa mkomunisti. Hapana. Mobutu aliwachukia wakomunisti, na Wamarekani walimpenda kwa sababu hiyo. Lakini vifaa alivichukua kwao. Mwaka 1973 alikwenda China kumwona Mao, na mwishoni mwa 1974 alifika Beijing tena na Pyongyang kwa Kim Il Sung. Huko aliona nchi ambamo picha moja imejaa kila ukuta na watu maelfu wanacheza kwa hatua moja. Aliporudi, koti lisilo na tai, nyimbo na ngoma za kumsifu kabla ya kazi, na salongo, yaani kazi ya umma ya kulazimishwa, vilikaza zaidi. Katika televisheni, taarifa ya habari ilianza na uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Mali binafsi ya marafiki zake haikuguswa. Alichoiga ni ule uwezo wa chama wa kuingia kila chumba. Swali la nani amiliki kiwanda hakulijali.

Kuingia kila chumba kuna njia yake. Usiweke mtu wa chama kando ya mtu wa serikali, maana wawili hao watapelelezana na kugombana. Wafanye mtu mmoja. Mkuu wa mkoa awe pia mkuu wa chama mkoani, na vivyo hivyo hadi chini kwenye mtaa. Gavana mpeleke mbali na kwao ili asiwe na shangazi wala mjomba wa kumwambia ukweli. Vyama vya wafanyakazi viunganishe kimoja, kama UNTC, baadaye UNTZA, ilivyofanywa mwaka 1967. Na mtu aliyekiongoza, André Bo-Boliko, mwaka 1970 akawa pia spika wa Bunge. Mchimbaji wa Musonoi aliyetaka nyongeza ya mshahara angemlalamikia nani? Mwajiri wake alikuwa serikali, serikali ilikuwa chama, na mtetezi wake alikalia kiti cha Bunge la chama hichohicho. Mgomo uligeuka kuwa usaliti wa nchi bila mtu kuandika sheria mpya. Kwa wanafunzi Mobutu hakutumia ujanja: tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi mitaani Kinshasa.

Waliokupandisha uwaondoe mapema. Stalin, akiwa katibu mkuu tangu 1922, alianza na wale waliodhani ni karani wao. Mobutu naye alipandishwa na wenzake wa kundi la kisiasa la Binza, na mwaka 1969 Victor Nendaka na Justin Bomboko, nguzo mbili za usalama na mambo ya nje, walitolewa serikalini. Étienne Tshisekedi, aliyeshiriki kuandika Manifesto ya N'Sele iliyozaa chama, aliishia kuzoea gereza la chama hicho.

Sasa kuna chumba kimoja kigumu, nacho ni kanisa. Kolwezi ndiko Padre Placide Tempels alikoanzisha Jamaa miaka ya 1950, na Musonoi ilikuwa moja ya nyumba zake. Wafanyakazi na wake zao walikutana kama Baba na Mama, wakazungumza kwa Kiswahili chao juu ya uzima, uzazi na upendo, bila kadi na bila mkubwa. Nalipenda jambo hili kuliko yote katika historia ya mji wetu. Watu waliopewa posho na kampuni walijitengenezea kitu ambacho kampuni haikuwapa, na kwa hiyo haikuweza kuwanyang'anya. Mtawala hawezi kuacha kitu kama hicho kikae hivihivi. Mobutu akajiita baba wa taifa. Hospitali kubwa ya mji mkuu ikapewa jina la mama yake, Mama Yemo. Krismasi ilifutwa katika sikukuu za serikali mwaka 1974, masomo ya dini yakaondolewa shuleni, na vijana wa chama wakatakiwa kuwa na tawi hata seminarini. Kardinali Malula alikuwa ameshafukuzwa kwenda Roma kwa muda kwa sababu ya suala la majina. Lakini hapa mwongozo unakuonya: hatua hii ilimshinda. Baada ya miaka michache shule ambazo serikali ilikuwa imezichukua zilirudishwa kwa makanisa, kwa kuwa chama hakikuwa na walimu wala fedha, na Krismasi watu hawakuacha kuisherehekea hata siku moja.

Somo linalofuata lijifunze vizuri, kwa kuwa ni la nyumbani kwetu Lualaba. Nguza Karl-i-Bond alizaliwa Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, mwaka 1938. Alikuwa mkuu wa mambo ya nje pale wapiganaji wa kundi la waasi la FLNC walipovuka kutoka Angola mwezi Machi 1977. Alishitakiwa kwamba alijua mapema juu ya uvamizi huo, akahukumiwa kifo. Mtawala mjinga angemuua. Mobutu alimsamehe mwaka 1978, akamrudishia wizara, na 1980 akamfanya waziri mkuu. Nguza akakimbilia Ulaya, akatoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani na kuandika kitabu cha kumvua nguo bwana wake; kisha mwaka 1985 akarudi, na mwaka uliofuata akawa balozi huko huko Washington. Mpinzani aliyeuawa hubaki shujaa. Mpinzani aliyesamehewa, akapewa gari na ubalozi, huwafanya watu wa kwao wasimwamini tena yeyote. Najua wapo wanaomtetea kwamba alitaka kuishi. Ni kweli, na kila mtu hutaka. Ila gharama ililipwa na wasioitwa mezani.

Na wakija wenye bunduki, uwe na marafiki wa mbali. Tarehe 13 Mei 1978 FLNC waliingia Kolwezi. Jeshi la taifa halikuweza kuulinda mji uliolisha hazina yake. Tarehe 19 wakashuka askari wa Ufaransa kwa miavuli, wakifuatiwa na Wabelgiji. Mamia ya watu weusi na weupe waliuawa. Mtawala alibaki, kwa kuwa shaba na kobalti zilikuwa na wenyewe nje ya nchi.

Fedha je? Zichote. Erwin Blumenthal, Mjerumani aliyetumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa ndani ya benki kuu mwaka 1978, aliandika mwaka 1982 kwamba waliokopesha wasitumaini kulipwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inatoa takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na mashine zilikuwa zinakula vipuri vya mwisho. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1993 uzalishaji haukufika tani 50,000. Ghala la posho likawa tupu, na chama kilichosimama juu ya ghala hakikuwa na kitu kingine cha kusimamia.

Imebaki hatua moja, ile ya siku chama kinapokufa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ukamchagua Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Katika hali hiyo, mheshimiwa, usipigane na mpinzani wako. Waelekeze watu wenye njaa kwa jirani anayefanana naye jina. Nguza yuleyule, akiwa na chama cha UFERI, na gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wakasema Katanga ni ya Wakatanga. Mobutu aliyaacha yaendelee, kwa sababu yalimfaa. Kufukuzwa kwa watu wa Kasai kulianza Likasi mwaka 1992. Kolwezi ikafuata mwaka 1993.

Waliofukuzwa walikuwa wajukuu wa watu walioletwa na Union Minière kutoka Kasai kuja kuchimba. Walikuwa mafundi wa Gécamines, walimu, wauguzi, na Baba na Mama wa Jamaa. Wengi walizaliwa hapa, wakiota kwa Kiswahili cha hapa, na Kasai walikuwa hawajaiona. Walitolewa katika nyumba, wakalala wiki nyingi stesheni wakingoja treni za kwenda Mwene-Ditu, na wengi, watoto kwanza, walikufa kwa maradhi hapohapo na njiani. Waliowatoa walikuwa majirani waliokula nao posho ya ghala moja. Mobutu alikimbia nchi Mei 1997 na kufia Rabat mwezi Septemba. Sisi tuliobaki Musonoi tunajua ni nani aliingia katika nyumba ya nani, na hilo bado hatujalizungumza kwa sauti.