Kitabu cha Kumi na Mchele wa Harusi

Mashabiki wa The Wheel of Time tunabishana kuhusu kila kitu. Tunabishana nani zaidi kati ya Mat na Perrin. Tunabishana kama Rand al'Thor alifanya busara kuwapenda wanawake watatu kwa mpigo. Mzee mmoja wa mtaani kwetu mwenye wake wawili, nilipomsimulia, aliguna tu, akasema kijana huyo aombewe. Lakini likija suala la kitabu cha kumi, Crossroads of Twilight, wote tuna kauli moja: kiruke, nenda cha kumi na moja, humo hakitokei kitu. Mwaka huu nimeurudia mfululizo wote tangu mwanzo, na naomba kujitoa katika kauli hiyo. Kilichonitoa ni mchele.

Kwa asiyeujua mfululizo huu: Robert Jordan ni jina la kalamu la James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston, South Carolina, aliyepigana vita vya Vietnam kwenye helikopta kisha akarudi nyumbani kusomea fizikia. Kitabu cha kwanza, The Eye of the World, kilitoka mwaka 1990. Vijana wa kijijini wanatoroka usiku kwa sababu Mwovu wa waovu anamsaka mmoja wao, na kabla hujakaa sawa umeshavuka kurasa elfu kumi. Jordan alifariki mwaka 2007 kazi haijaisha. Brandon Sanderson akakabidhiwa maandishi aliyoyaacha marehemu, akamalizia kwa vitabu vitatu, na cha 14, ambacho ndicho cha mwisho, kikatoka Januari 2013. Sura ya kwanza ya kila kitabu huanza na upepo unaovuma kutoka mahali fulani. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayesoma mwezi wa pili, umeme umekatika na feni imetulia tuli, hiyo peke yake ni fantasia ya kutosha.

Vya kwangu nilivinunua vimeshatumika, Posta, kwa wale vijana wanaopanga vitabu chini juu ya turubai, riwaya imelaliana na mitihani ya zamani ya uhasibu. Pale huchagui namba, unachukua kilichopo. Siku ya kwanza kilikuwepo cha tatu, The Dragon Reborn, ambamo mhusika mkuu karibu haonekani kabisa. Nilikisoma chote nikijiuliza huyu Rand wanayemfukuzia ni nani, na anadaiwa shilingi ngapi.

Kurudia ukiwa na familia ni kazi nyingine. Zamani nilikuwa upande wa wale vijana watatu, Rand, Mat na Perrin, ambao kila mmoja anaamini wenzake wawili ndio wanaojua kuongea na wasichana. Utani huo Jordan anaurudia kitabu hadi kitabu, na bado nacheka, maana hosteli yetu ya chuo ilikuwa vilevile. Lakini sasa, wanapotoroka Emond's Field, mimi nabaki kijijini na Tam, baba yake Rand. Mzee ametoka kujeruhiwa, nyumba yake imevamiwa, kijana ndiyo huyo anaondoka. Kondoo atawachunga nani? Nilimuuliza Mama Neema swali hilo saa tano usiku. Akajibu kwamba kama tunazungumzia majukumu, gesi imeisha tangu jana.

Neema naye akataka kujua baba anacheka nini. Nikamweleza habari za Nynaeve, mganga wa kijiji ambaye akikasirika hujivuta msuko wake wa nywele, na Nynaeve hukasirika karibu kila ukurasa. Mtoto alikuwa ametoka kusukwa twende kilioni, elfu tano taslimu. Hadi Jumatatu alikuwa ameshanyimwa juisi, ameshazimiwa katuni na ameshaamriwa kuoga, na kila hatua aliipokea Kinynaeve. Misuko miwili ya mbele ikafumuka. Mama yake akataka kujua huyo mwanamke anayemfundisha mtoto tabia hizi anakaa wapi.

Mama mkwe, alipokuja kututembelea, aliona jalada lenye watu wa mapanga akanishauri kwa upole nisome Zaburi. Kisha akakichukua kitabu hichohicho, Lord of Chaos, akakikandamizia mfuniko wa sufuria ya wali ili mvuke usitoke. Kina madoa ya tui hadi leo. Wali ulitoka vizuri, siwezi kusema uongo.

Ndipo tukafika cha kumi. Niliingia nacho kwenye kikao cha kamati ya harusi ya binamu yangu, kwa kuwa mimi ni mhazini, na mhazini wa harusi hana kazi mpaka watu walipe ahadi zao, jambo ambalo hutokea wiki ya mwisho. Mwenyekiti alisoma ajenda. Ukazuka mjadala kama kila mgeni apewe soda mbili, au soda moja na maji. Mjumbe mmoja akaomba turudi kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita, maana mle imeandikwa keki ya ngazi tatu na yeye anakumbuka alisema nne. Wakati huo kitabu kilikuwa mapajani chini ya meza, na mimi nilikuwa So Habor. Faile, mke wa Perrin, ametekwa. Watu wa Perrin wanahitaji chakula. Anaingia kwenye mji huo kununua nafaka, anakuta wafanyabiashara wachafu wasiotaka maswali, mizimu inatembea mjini, na magunia yamejaa fukusi.

"Mhazini, unasemaje?" akauliza mwenyekiti.

"Wadudu," nikasema. "Tufungue kila gunia. Hatulipi kabla ya kupepeta."

Chumba kikanyamaza. Kisha shangazi yetu, mama ambaye sijawahi kumsikia akimsifia mtu, akapiga meza. "Huyo ndiye mhazini! Juzi juzi tumelishwa pilau lina vidudu kwenye harusi ya watu, tukameza kwa heshima ya bibi harusi!" Soda zikasahaulika. Kabla sijafunga kitabu ikawa imeundwa kamati ndogo ya ukaguzi wa mchele, mwenyekiti mimi, katibu shangazi, na usafiri kila mtu ajitegemee.

Alfajiri ya Jumamosi tukakutana sokoni Tandale, shangazi amebeba ungo wake kutoka nyumbani. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliapa kwamba mchele ni wa Kyela na akatusogezea beseni lililopambwa juu. Shangazi hakuliangalia. Akaomba bambo. Akalichoma gunia ubavuni, chini kabisa, akapokea punje kiganjani, akazipuliza, akatafuna moja taratibu huku akimtazama kijana usoni. Hakusema neno.

"Mama, subiri nikuletee lingine," kijana akasema mwenyewe.

Hilo lingine nalo lilichomwa. Wateja wawili waliokuwa jirani wakaacha kununua wakaja kutazama, mmoja akauliza kama mama anaweza kumkagulia na maharage. Mimi, mwenyekiti wa kamati, nilishika ungo. Perrin alikwenda So Habor na wapiganaji, na wanawake wenye nguvu za kichawi, na wale wafanyabiashara bado walimzungusha. Angekuwa na shangazi, Faile angekombolewa mapema.

Tukiwa kwenye bajaji na magunia yetu ndipo nilipokielewa kitabu cha kumi. Hicho ni kikao. Egwene na jeshi lake wamekaa nje ya Tar Valon, wanajadiliana kama wajadiliane. Elayne anaoga huku akiletewa habari za wanaogombea naye kiti cha enzi, na kuoga kwenyewe ni kurefu mno. Hapo hata mimi naruka. Wengine wamehisi nguvu kubwa imetumika mbali wasikokujua, basi wanaulizana kuna nini. Mashabiki walikasirika, na hasira yao naielewa. Kitabu cha tisa, Winter's Heart, kilitoka Novemba 2000 na kuishia kwenye tukio kubwa kuliko yote. Watu wakasubiri hadi Januari 2003, wakafungua cha kumi, wakakuta wahusika wanashangaa lile tukio la kitabu cha tisa. Hata mimi ningesonya.

Lakini anayerudia leo hasubiri chochote, cha kumi na moja kipo rafuni. Ukiondoa kusubiri, kinachobaki ni habari za watu wenye jambo kubwa mbele yao ambao kwanza lazima wapate chakula, wasaini karatasi, wawasikilize wazee na wapatanishe wanaogombana kwa sababu ya vyeo. Kwenye riwaya nyingi za aina hii majeshi yanatembea miezi bila kula. Jordan alikuwa amevaa gwanda mwenyewe, na anauliza unga unatoka wapi, unabebwa na nani, na umelipiwa kwa fedha ya nani. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi hawezi kukiita kitabu hicho kitupu. Kwangu mimi sura za So Habor ziko juu ya vita kadhaa vinavyosifiwa.

Harusi ilipita salama, pilau likaisha mapema, na keki ilikuwa ya ngazi tatu. Mjumbe yule bado amenuna.

Kwa hiyo ukiuanza mfululizo huu, usikiruke cha kumi. Na wewe uliyeniazima cha tano, The Fires of Heaven, ukasema utakirudisha Ijumaa bila kutaja Ijumaa ipi, kirudishe. Nisipokiona, namtuma shangazi.