Masikio ya mjomba

Jamani, kuna siku nitalia barabarani. Serikali ina makazi ya wazee, kama Nunge kule Kigamboni. Huku kwetu Mtama makazi ya wazee ni sebule yangu. Mkazi mmoja tu, mjomba. Hasikii. Redio anaifungulia mpaka nyumba ya nne wanapata taarifa ya habari bure. Namwambia chai tayari, ananijibu bei ya korosho. Mke wangu akimsemesha ndiyo kabisa, kama anaongea na mlango. Nikajua dharau. Nikanuna wiki nzima. Nami nikazidi kupiga kelele, wapita njia ya Masasi wakadhani naua mtu.

Uzuri mmoja tu: nilikuwa najisemea yangu yote pembeni yake, roho inatulia.

Basi nikampeleka hospitali. Wazee wa miaka 60 kwenda juu wasiojiweza matibabu bure, dirisha lao wenyewe. Nimeinama pale, nesi ananitazama usoni, anauliza, "Kadi yako iko wapi, babu?" Babu! Nina 46 mimi. Foleni nzima ikageuka.

Daktari akamwashia kitochi sikioni. Kimya. Sikio la pili. Kimya. "Anayemsafisha ni nani?"

Nikavuta kifua mbele. "Mimi, daktari. Kila Jumapili. Vijiti vya pamba, vikiisha njiti ya kiberiti."

Nilikuwa nangoja sifa, ujue. Akaniambia sikio linajisafisha lenyewe, nta inatoka polepole bila kuombwa. Mimi nilikuwa naishindilia ndani kila wiki, kama mtu anayejaza gunia la korosho. Akaweka matone, tukangoja, akavuta maji ya uvuguvugu kwenye bomba, akapiga. Kikatoka kidonge cheusi kama punje ya pilipili manga, kimevaa pamba. Pamba yangu! Nesi akakiinua juu, wanafunzi waone.

Ndipo mjomba akavalishwa yale ya masikioni, akisikia pii abonyeze. Pii nene, anabonyeza. Pii nyembamba, anaangalia dari tu. Hiyo sasa ndiyo ya uzee, daktari akasema, sauti nyembamba zinatangulia kupotea: za wanawake, watoto, ndege. Kumbe mke wangu hakudharauliwa! Akaongeza kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya robo ya waliovuka miaka 60 kuwa na upungufu wa kusikia wa kuwasumbua. Mjomba atarudi kwa habari ya kifaa cha sikio. Mimi nikae mbele yake, aone mdomo wangu, niseme taratibu. Kelele nife nazo.

Tukapanda gari kurudi. Mjomba katulia, anachungulia mikorosho dirishani. Mimi nikaendelea na mazoea yangu, najisemea: afadhali huyu mzee hajaulizia zile hela zake za mnada wa korosho, maana bati la jiko limeshazila.

Hata hakugeuka.

"Njomba," akasema taratibu, "hela zipi?"