Dumuzi Aliyeingia Kwenye Ada

Ada ya muhula wa Januari ya mdogo wangu, anayesomea sheria Kampala, ilikuwa katika chumba cha uani nyumbani kwetu Bombambili, ikiwa bado kwenye magunzi. Mama alikataa kuuza mahindi wakati wa mavuno. Mwezi wa saba Songea nzima inauza na bei iko chini. Anayevumilia hadi mvua zishike ndiye anayeuza vizuri. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na mpaka leo naitetea.

Babu hakuwahi kuikubali safari yenyewe. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, hukumbusha, na Wakenya walivuka mpaka kuja kusoma kwetu. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, shahada yake ya sheria aliipata Dar. Leo sisi ndio tufunge mizigo? Mama humjibu kwamba mtoto anasoma alikopata nafasi.

Dumuzi walituingilia Desemba. Usiku, mvua ikikatika, tuliwasikia wakitafuna. Asubuhi unga ulikuwa umejaa sakafuni kama umetoka mashineni. Mdudu huyu si mwenyeji: asili yake ni Amerika ya Kati, na huku kwetu alianzia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Mahindi ya kwenye magunzi ndiyo karamu yake, na nafaka ikimwishia hutoboa hata mbao. Kichanja alichokichonga babu nacho kiliota matundu.

Tulipukuchua nyumba nzima, watoto kwa wazee, tukapepeta, tukachagua, tukatia dawa. Jua la kuanikia halikuwapo. Punje zilizotobolewa zikaenda kwa wafuga nguruwe. Yaliyosalimika hayakufika nusu ya ada.

Mdogo wangu akapiga simu kusema ataahirisha masomo. Mama akakataa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mtoto akienda chuo, nyumba nzima inasoma. Sisi wenye vumbi la dumuzi kwenye kope tulikuwa ndani ya muhula ule sawa na yeye.

Baba mdogo ndiye aliyejazia, ila alitaka maandishi. Mkataba ukaandikwa Kampala, ukaja kwa simu, ukachapwa stesheneri: muda wa kulipa, mashahidi, riba hakuna. Akasoma kila mstari, akadai kifungu kimoja zaidi: mdogo wangu akishakuwa wakili, amsimamie bure kesi ya mpaka wa shamba lake la Mletele.

“Baba mdogo, bado sana,” mdogo wangu akamwambia. Shahada ya nje sharti kwanza itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, kisha kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kule Dar es Salaam, ndipo uwakili. Kifungu kikaingizwa pamoja na hatua zote hizo. Baba mdogo akatia sahihi, na Jumamosi akaenda Mletele kupanda minyaa mpakani, jirani asije akasogea kabla wakili hajafika.