Barua ya wazi kwa Shirika la Reli: pongezi kutoka Kimara

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Reli Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA RELI YA UMEME ISIYO NA PUPA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wakazi wa Kimara si watu wa kulaumu ovyo. Alfajiri pale Kimara Mwisho, basi la mwendokasi likisimama, mkoba hutangulia dirishani, kisha kiatu, kisha mwenye kiatu. Waliofuzu shule hiyo hawatishwi na mradi uliochelewa.

Wamepiga hesabu kidogo tu. Mjerumani alianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905. Mwisho wa 1907 alikuwa Morogoro na 1914 Kigoma, kwa sururu na jasho la Waafrika waliofanyishwa kazi kwa shuruti. Reli ya umeme iliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017, mkandarasi akapewa miezi 30 afike Morogoro. Abiria wa kwanza walipanda Juni 2024. Shirika lilikataa kushindana na marehemu, na huo ndio ustaarabu.

Kipande cha Mwanza hadi Isaka nacho kiliwekewa jiwe Juni 2021, lakini hadi barua hii inaandikwa, treni ya abiria inaishia Dodoma. Kwa hiyo mkazi wa Kimara mwenye kwao Usukumani huanza safari kwa kurudi nyuma hadi mjini. Hapo hupanda treni ya kilomita 160 kwa saa, hupepea hadi Dodoma, kisha hushuka na mabegi kutafuta basi. Basi la Mwanza angelipandia Mbezi Luis, jirani na kwake, akiwa ameshiba chai.

Pongezi za pekee ziende kwa uwazi wa Shirika. Mwisho wa Julai 2024, siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilikwama njiani, na umma ukaelezwa kuwa hitilafu ya umeme imeletwa na ngedere na bundi. Miradi mingine mikubwa hukwama bila mhusika kutajwa.

Wakazi wanapendekeza ngedere waalikwe kikao cha wadau na walipwe posho, bundi apangiwe zamu ya usiku, na tarehe ya treni kufika Tabora na Mwanza ibandikwe ukutani Stesheni, kwa wino usiofutika.

Wenu katika foleni,
Wakazi wa Kimara.

Nakala: Bundi, kwa taarifa.
Ngedere, kwa utekelezaji.