Kulwa Kafungiwa, Doto Kaingia

Sheria za mpira wa miguu ni 17. Ya kwanza inaeleza uwanja, ya mwisho inaeleza kona, na hakuna hata moja inayomtaja mbuzi. Ndiyo maana nasema waliozitunga hawajawahi kuratibu ndondo ya kata. Mimi naratibu hapa Nyasubi, Manispaa ya Kahama, na dakika 90 za mpira wenyewe ndizo pekee ninazopata nafasi ya kukaa chini. Tena si zote.

Msimu uliopita chokaa ilituishia asubuhi ya mechi. Kahama unaweza kukosa vyote ila si pumba, maana mashine za kukoboa mpunga zimejaa mjini. Kijana wetu wa uwanja akajaza kiroba, akachora mistari iliyonyooka kuliko ile ya chokaa. Kuku wa jirani wakaja kukagua. Walianzia kwenye kona, wakapanda na mstari wa pembeni bila haraka, na timu zilipoingia, eneo la penalti lilikuwa limebaki la upande mmoja. Bila shaka faulo ya kwanza ikatokea upande ule mwingine. Mwamuzi akaanza kuhesabu hatua kutoka golini, akitafuta mita 16.5, huku kila timu ikimhesabia kwa sauti hesabu yake. Mzee mmoja aliyekaa juu ya baiskeli akamshauri: “Mwite jogoo atoe ushahidi.”

Sasa mbuzi. Alikuwa zawadi ya bingwa, beberu mwenye kifua, na siku ya ufunguzi mgeni rasmi alipiga naye picha akiwa amemshika pembe. Kisha ukaja msiba, tukaahirisha. Ikaja mvua, tukaahirisha. Ukaja mkutano wa hadhara uwanjani kwetu. Siku ya fainali ilipokaribia nikaletewa rufaa, imeandikwa vizuri na ada yake imelipwa, kwamba mbuzi aliyepo si mbuzi aliyetangazwa. Ushahidi ulikuwa picha kwenye simu. Kamati ikakaa, mbuzi akaletwa, akalinganishwa na picha yake kwa mbele na kwa ubavu. Mtunzaji wake akasikiliza mpaka mwisho ndipo akasema: “Waheshimiwa, mbuzi ni yule yule. Ratiba yenu ndiyo imerefuka.” Rufaa ikatupwa. Ada haikurudishwa, na sehemu yake tukamnunulia majani.

Lakini hayo yote ni mepesi ukiyaweka kando ya suala la mapacha. Usukumani kila mtaa una Kulwa wake na Doto wake, na timu moja ilisajili wote wawili. Robo fainali Kulwa akala kadi nyekundu. Nusu fainali Doto akaingia uwanjani, jezi ya Doto, kitambulisho cha Doto, na hasira za Kulwa. Wapinzani wakagoma. Nahodha wao akadai Doto anatumia mguu wa kulia na huyu anapasha kwa kushoto.

Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48 wote wawili, na kamera ikawatenganisha kwa sekunde 0.03, dhahabu ikaja Tanzania. Kamera ile ningeazimwa siku hiyo, nadhani ingeomba nayo muda wa kufikiri.

Bahati nzuri mama yao huuza karanga hapo hapo uwanjani. Nikamfuata.

“Shikamoo mama Kulwa.”

“Marahaba, mwanangu. Za mia mbili?”

“Hapana mama, tunaomba utusaidie. Huyu mwanao pale ni nani?”

Akaweka beseni chini. Akamtazama kijana, akaitazama timu yake, akanitazama mimi.

“Akiwa Kulwa, anacheza?”

“Hachezi, amefungiwa.”

“Basi huyo ni Doto.”

Mama ametamka, nani abishe? Mpira ukaanza. Kipindi cha pili, kijana akiwa ameshatia bao moja kwa mguu ule ule wa kushoto, baiskeli ikaja ikaegeshwa nyuma ya goli. Aliyeshuka akauliza matokeo. Mama yao, anarudisha chenji, hata hakuinua macho vizuri:

“Doto! Mbona umechelewa hivyo?”