Kasuku wa Tarehe 14

Kila jioni ya tarehe 14, wanyama hukusanyika chini ya mkuyu kumngoja Kasuku. Tangu Desemba 2010 kazi yake ni kutangaza bei ya petroli Kenya nzima. Hutaja shilingi na senti, kisha huruka. Mchanganuo wa bei hubandikwa mtini, pale juu anapofika Twiga peke yake.

Septemba 2023 alitua akasema: "Nairobi, lita moja, 211.64."

Punda, siku hizi dereva wa bodaboda, alizima pikipiki. Lakini aliyelia kwanza ni Kuku, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Sukuma wiki anazouza huletwa na lori, yeye mwenyewe huenda sokoni kwa matatu, na chakula cha vifaranga hukipika kwa mafuta taa. Lita ikipanda, yeye hulipa mara tatu.

"Ni vita vya mbali vilivyopandisha bei," alisema Fisi, mtunza hazina. "Sisi tufanyeje?"

Kobe akatoa shingo.

"Mwaka 1973 vilikuwa vita vya mbali kweli. Ngamia wa Ghuba walifunga visima, na pipa la mafuta la dola 3 hivi likakaribia dola 12 katika miezi michache. Mwaka 1979 Iran ikapinduka, bei ikazidi maradufu. Tuliumia, na chanzo tulikijua. Lakini 1986 pipa lilianguka hadi dola 10 hivi. Kilichopanda kilishuka. Sasa nieleze hili, Fisi. Julai 2008 pipa lilipita dola 147. Mwaka huu halijafika 100. Mbona lita ya leo ni ghali kuliko ya siku ile?"

"Shilingi imedhoofika."

"Kweli. Wakati ule dola ilikuwa chini ya shilingi 70, leo inapita 140. Hilo nalikubali, na ni zito. Tuhesabu na yako. Mwaka 2020, korona ilipoangusha pipa, lita Nairobi ilishuka chini ya shilingi 90. Hatukupata hata muda wa kupumua: Julai ukapandisha tozo ya maendeleo ya petroli kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40. Julai mwaka huu VAT ya mafuta ukaitoa asilimia 8 ukaipeleka 16. Vita huisha, Ngamia hufungua visima. Wewe umewahi kushusha nini?"

"VAT niliishusha," Fisi akajitetea. "Septemba 2018, kutoka 16 hadi 8."

"Uliishusha kwa sababu tuligoma na kupiga kelele nchi nzima!" Punda alifoka.

Fisi akasema kodi ndiyo hujenga barabara na kulipa madeni. Hapo hakusema uongo. Ila deni hilo Kuku hakulikopa, na anayelilipa kwa sukuma wiki ana haki ya kujua ni shilingi ngapi zinazotoka mfukoni mwake.

"Karatasi ishushwe," Kuku akasema. "Kasuku asome kila mstari: bei ya bandarini, usafiri, faida ya wauzaji, kila tozo na jina lake."

"Giza litaingia," Fisi akaonya.

"Nina taa ya pikipiki," akajibu Punda, na Twiga akaanza kuibandua karatasi.