Jinsi ya Kununua Hedifoni Bila Kununua Taa

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, hakikisha hedifoni ya zamani imekufa kweli. Ile inayosikika upande mmoja, mara nyingi ugonjwa wake uko kwenye waya, pale unapoingia kwenye pini. Weka muziki, ukunje waya taratibu. Sauti ikija na kupotea, mpelekee fundi, maana pini ya milimita 3.5 ni ya bei ndogo sana. Mkumbushe tu kwamba nyuzi za ndani zimepakwa vanishi, asipoikwangua au kuichoma risasi haitashika. Na kama kilichochakaa ni sponji, nunua sponji.

Imeshindikana? Haya, twende dukani. Sheria ya kwanza: taa hazisikiki. Hedifoni inayowaka rangi saba inawapendeza wote chumbani isipokuwa aliyeivaa, kwa kuwa yeye ndiye pekee asiyeziona. Ukiwa na bajeti ndogo, kila shilingi iende kwenye spika.

Boksi litakutangazia sauti ya 7.1. Wewe una masikio mawili, na ndani ya hedifoni nyingi za namna hiyo mna spika mbili tu, moja kila upande. Zilizobaki hutengenezwa na programu. Nyayo za adui unazozisikia kushoto ukicheza Call of Duty zinaletwa vizuri kabisa na stereo ya kawaida. Tena PlayStation 5 ina sauti yake ya 3D inayofanya kazi na hedifoni yoyote utakayoichomeka kwenye pedi, kwa hiyo usilipie mara mbili.

Boksi litaendelea kujigamba: hezi 10 hadi 40,000! Sikio changa na zima la binadamu husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, hizo nyingine waachie popo. Namba ya kutafuta ni ya ohmu. Ikiwa 32 au karibu na hapo, simu na pedi vitaimudu. Ya ohmu 250 itakudai amplifaya, na bajeti imeshakwisha.

Sasa Bluetooth, na hapa nakusihi unisikilize. Kwa muziki haina neno. Kwa gemu, kodeki yake ya kawaida, SBC, inaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 200 hivi. Gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde imeshakupita picha 12. Mshambuliaji keshapiga, kipa keshatema, wewe ndiyo kwanza unasikia mguu ukigusa mpira! Isitoshe, PlayStation 5 haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja. Chukua ya waya. Waya hauchelewi, hauishiwi chaji katikati ya mechi, na ukikatika fundi yupo. Ukipata ambao unachomoka upande wa hedifoni, umepata bahati, kwani utabadilisha waya peke yake.

Neno "gemu" kwenye boksi nalo lisikupandishie bei. Hedifoni za studio za daraja la chini, kama ATH-M20x ya Audio-Technica, hazina taa wala maiki, lakini zimeundwa kwa ajili ya kusikiliza, na muziki utakushukuru. Maiki ya kubana kwenye kola hununuliwa pembeni, pamoja na kiunganishi cha kugawa pini. Ile ya gemu ichukue kama kelele za wenzako mtandaoni ni muhimu kwako kuliko nyimbo.

Usilipe kabla ya kujaribu. Muuzaji atakuwekea wimbo wenye besi ya kutikisa kaunta. Mwombe achomoe, uchomeke simu yako. Anza na singeli, kwa sababu ngoma zake zinakimbia na hedifoni dhaifu huzichanganya zikawa mvumo mmoja. Kisha weka taarabu ya zamani ya Unguja, usikilize kama ganuni na fidla kila moja ina nafasi yake. Usiivue upesi. Kaa nayo dakika kumi, hasa kama unavaa miwani, kwani hedifoni inayobana haitamaliza hata kipindi cha kwanza kichwani mwako.

Akikataa usijaribu, mrudishie boksi lake, mshukuru, uingie duka la pili.